Wakili Si Mdomo Tu

Katika gazeti letu la mwaka huu nimeonelea nisiandike shairi wala kisa, bali niwadokezee jambo ambalo wengi wetu tunalitamani bila kulijua vyema, yaani masomo ya sheria. Kila mdahalo ukiisha hapa shuleni, yule aliyepayuka kuliko wenzake huambiwa, "Wewe utakuwa wakili!" Naye huondoka akitembea kama tausi. Dada yangu yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu akisomea sheria, na wakati wa likizo sisi hukaa meza moja, yeye na madaftari yake, mimi na yangu. Niliyoyaona pale si kupayuka. Ni kusoma, kuandika, kufuta na kuandika tena. Basi nawaandikia hasa kaka na dada zetu wa kidato cha nne watakaoitwa kwenda kusomea sheria, pamoja na sisi tunaowafuata nyuma.

Kwanza kabisa ni kusoma hadi nukta ya mwisho. Mwaka jana kijana mmoja wa jirani, mwendeshaji bodaboda, alikamatwa Ijumaa jioni. Ploti nzima ilitoka nje. Kila mtu alikuwa anasema ati Katiba imetaja saa 24, kwa hivyo Jumamosi jioni ikifika ni lazima aachiliwe. Mamake alikuwa tayari ameshafunga leso aende kugombana na askari. Dada akaleta Katiba ya mwaka 2010, akafungua kifungu cha 49, akamsomea polepole. Ni kweli saa 24 zimetajwa. Lakini maneno hayaishii hapo. Saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, au siku isiyokuwa ya korti, basi mtu anaweza kufikishwa kortini kabla ya siku ya korti inayofuata kumalizika. Yaani Jumatatu! Tena sehemu hiyo haisemi aachiliwe, inasema afikishwe mbele ya korti. Mambo ya dhamana yako mistari michache chini yake, na haki ya kuwasiliana na wakili iko juu yake.

Yule mama hakufurahi hata kidogo. Hata hivyo, siku zile mbili alizitumia kutafuta wakili na mdhamini, na Jumatatu kijana alipofikishwa kortini akapewa dhamana na kurudi nyumbani. Lau angeenda kupiga kelele kule kituoni, sijui kama wangelala wangapi ndani. Tangu siku hiyo nimeelewa kwa nini dada hupigia mstari mwekundu maneno madogo kama "au", "isipokuwa" na "endapo". Sisi wengine huyaruka.

La pili ni kusoma kesi. Mwanafunzi wa sheria hasomi vitabu vya sheria peke yake, husoma pia hukumu zilizoandikwa na majaji, na hukumu nyingine ni ndefu ajabu. Siku hizi hukumu za korti zetu zinapatikana bure katika mtandao wa Kenya Law, hata kwa simu. Dada huigawa karatasi yake sehemu nne: yaliyotokea, swali, uamuzi na sababu. Nilipomwomba anionyeshe, alichagua kesi ya mazishi ya S. M. Otieno, ambayo wazazi wetu wengi wanaikumbuka.

Yaliyotokea kila mtu anayajua. Otieno, aliyekuwa wakili jijini Nairobi, alifariki mwezi wa Desemba mwaka 1986. Mkewe, Wambui, alitaka amzike Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi mwezi wa Mei mwaka 1987, naye akazikwa Nyalgunga. Mimi nilipoulizwa swali la kesi nilisema, "Azikwe wapi?" Dada akatikisa kichwa. Hilo ni swali la magazeti. Swali la sheria lilikuwa hili: je, mazishi ya mtu kama yule, aliyesoma, akaishi mjini na kuoa nje ya kabila lake, yaongozwe na mila za Waluo au na sheria iliyotoka Uingereza? Majaji walisema kuishi mjini hakumwondoi mtu katika mila za kwao. Unaweza kuukubali uamuzi huo au kuukataa (mimi bado ninabishana na babu), lakini usipolijua swali utakuwa unabishana na upepo.

La tatu, uandishi. Hapa sisi wa Chama cha Kiswahili tujihadhari! Tumezoea insha zenye methali tatu kwa kila aya. Jibu la sheria huanza na swali, halafu sheria inayohusika, kisha unaonyesha jinsi sheria hiyo inavyokutana na yaliyotokea, ndipo utoe jibu. Yule kijana wa bodaboda angeandikiwa mistari minne tu: alikamatwa Ijumaa jioni, kifungu cha 49 kinasema hivi, saa 24 zinaishia Jumamosi jioni, korti ikiwa imefungwa, kwa hivyo mwisho ni Jumatatu. Kwisha. Hakuna asali wala shubiri.

Na msidhani Kiswahili hakina mahali humo. Katika korti za mahakimu, lugha inayotumika ni Kiingereza au Kiswahili, na Katiba inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi yake haki ya kupata mkalimani bila kulipa. Hata Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya mwaka 2012 ilipoweka alama za kuingilia chuoni ilitaja B katika Kiingereza au Kiswahili. Korti zimeshabishana juu ya nani hasa anahusika na sharti hilo, lakini neno "au" lipo pale, mlipigie mstari.

Kuhusu kazi yenyewe, safari ni ndefu. Shahada huchukua miaka 4. Baadaye kuna masomo ya uwakili katika Chuo cha Sheria kule Karen, mitihani, na miezi 6 ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu, ndipo uapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Msingoje mpaka hapo kuijua kazi. Kesi nyingi husikizwa hadharani, kwa hivyo likizoni vaa nguo nadhifu, zima simu, keti nyuma usikilize. Utaona mawakili wanaosema kwa sauti ya chini kabisa na hakimu anaandika kila neno lao.

Likizo hii dada anajitolea kupanga faili katika ofisi moja ya mawakili mjini. Hapewi mshahara, hupewa nauli na chai ya saa nne. Anasema hati ikikosewa tarehe, karani wa korti huirudisha bila hata kuinua macho.