Haploidi Maradufu: Subira Iliyopunguzwa

Wahenga walinena subira huvuta heri. Mzalishaji wa mbegu anaijua sana methali hiyo, maana aina moja mpya ya zao yaweza kumchukua miaka kumi. Mpenzi msomaji, leo tujifunze jinsi subira hiyo inavyopunguzwa katika kanola, mmea wa mafuta ya kupikia.

Kwanza tuelewane. Mbegu safi ni ile ambayo watoto wake wote hufanana na mzazi. Ukipandanisha mimea miwili yenye sifa tofauti, unapata chotara. Chotara ukijichavusha, watoto hutawanyika: huu una mafuta mengi, ule ni mfupi, mwingine hauwezi ugonjwa. Kila kizazi cha kujichavusha hupunguza mchanganyiko kwa nusu: asilimia 100, 50, 25, 12.5, 6.25, kisha 3.1. Hivyo ni vizazi vitano, na bado haujaisha!

Sasa njia yenyewe. Seli ya kanola ina kromosomu 38, yaani 19 za mama na 19 za baba. Chavua ina 19 tu. Mwaka 1964, Guha na Maheshwari wa Delhi, India, walionyesha kwamba chavua ya datura yaweza kukua ikawa mmea. Kwa kanola hufanywa hivi:

1. Matumba ya maua ya chotara huchumwa, chavua changa ikatolewa.
2. Chavua huwekwa katika maji yenye sukari na madini, kwenye joto la nyuzi 32 hivi kwa siku chache. Kwa mshtuko huo huacha kazi ya chavua, ikaanza kuwa kiinitete.
3. Mmea wa kromosomu 19 hauzai mbegu. Basi hutiwa kolkisini, dawa yenye sumu inayozifanya kromosomu zibaki maradufu ndani ya seli moja. Zinarudi 38, na kila jozi ni pacha kamili. Usafi umepatikana kwa hatua moja!

Faida ni gani? Mafuta ya zamani ya mmea huu yalikuwa na asidi ya eruki kwa wingi, na majaribio ya wanyama yalitia hofu kuhusu moyo. Huko Kanada, Baldur Stefansson alitoa mwaka 1974 aina iitwayo Tower, yenye asidi hiyo kidogo na mashudu yanayofaa mifugo. Asidi hiyo huongozwa na jeni mbili. Chotara ukijichavusha, mtoto asiye nayo ni 1 kati ya 16. Kwa haploidi maradufu ni 1 kati ya 4, kwa sababu chavua hubeba nakala moja tu ya kila jeni.

Hata hivyo, si uchawi. Njia hii haiumbi sifa mpya, na kila mmea lazima ujaribiwe shambani misimu kadhaa. Tena alizeti imekuwa sugu kwa njia hii.

Hapa Kenya, kituo cha haploidi maradufu kilifunguliwa Kiboko, Makueni, mwaka 2013, lakini ni cha mahindi. Mafuta yetu mengi ya kupikia bado hutoka ng'ambo. Je, ni nani atakayeishinda alizeti? Wanachama wenzangu, somo la bayolojia tusilikimbie. Kazi kwenu!