Mzabibu na Chanja Yake: Somo kwa Ndugu Wapya na Wachunguzi

Bismillahir Rahmanir Rahim

Ndugu msomaji, katika Sura Al-An'am, aya ya 142, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba Yeye ndiye aliyeumba bustani za namna mbili: zile ambazo mimea yake huinuliwa juu ya chanja, na zile zisizohitaji chanja. Kisha anaamuru tule matunda yake, tutoe haki yake siku ya kuvuna, wala tusipite kiasi. (Mwenye msahafu wa chapa nyingine ataiona aya hii kwa namba 141, kwa kuwa sisi huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura.)

Mmea unaojulikana zaidi kwa kuinuliwa juu ya chanja ni mzabibu. Waarabu wa zamani waliuita "karm", yaani ukarimu, kwa sababu walidhani mvinyo wake humfanya mtu kuwa karimu. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. aliwakataza wasiuite hivyo, akafundisha kwamba kinachostahili jina hilo ni moyo wa mwenye kuamini. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Basi si vibaya tukiutazama mzabibu ili tujifunze habari za moyo.

1. Mzabibu hushika chochote

Mwembe husimama kwa shina lake wenyewe. Mzabibu hauwezi. Umepewa vikono vyembamba ambavyo hujizungusha juu ya kitu cha kwanza kinachoguswa, kisha hukauka na kuwa vigumu kama mti. Vikono hivyo havichagui. Vikikuta waya imara, vitashika waya. Vikikuta kamba ya kuanikia nguo, vitashika kamba. Visipokuta kitu, vitashikana vyenyewe kwa vyenyewe, na mmea wote utalala chini, majani yapate ukungu na matunda yaoze kwa unyevu.

Hali ya mtu aliyeingia katika dini karibuni ni hiyo hiyo. Ameacha mazoea ya zamani, na moyo wake unatafuta pa kushika. Asipopata haraka sala, mafundisho na ndugu wema, atashika kilicho karibu: hirizi aliyokwisha kuivua, au marafiki wa kilabu cha pombe. Si kwamba imani yake ilikuwa ya uongo. Hakujengewa chanja mapema.

2. Namna ya kujenga chanja

Katika Mchafukoge nyumba zimesongamana, maghorofa yanazuia jua, na nyua nyingi zimesakafiwa. Hata hivyo mzabibu waweza kuota, kwa sharti upate jua la saa sita au zaidi kwa siku. Mahali kama hapa mwanga uko juu, na ndiyo sababu chanja ndiyo kazi ya kwanza. Isimamishe kabla ya kupanda.

Chukua nguzo nne za mti mgumu, au mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, maana hewa ya bahari hula chuma kitupu upesi. Kila nguzo iwe na urefu wa meta 2.6 hivi. Chimbia sentimeta 60 ardhini na ushindilie kwa zege, ili zibaki meta 2 juu na watu wapite chini bila kuinama. Nguzo ya mti ipakwe lami sehemu ya chini kwa ajili ya mchwa. Nafasi baina ya nguzo na nguzo isizidi meta 3. Zifunge kwa fito juu, kisha vuta waya mnene uliopakwa zinki kutoka upande hadi upande, kila baada ya sentimeta 40, uukaze barabara. Vifaa vyote hivi hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo.

Wengi hukosea hapa: hutazama mche ulivyo mwembamba, wakajenga chanja nyembamba vivyo hivyo. Chanja haijengwi kwa uzito wa mche. Hujengwa kwa uzito wa siku ya mavuno, vichala vikiwa vimejaa na upepo wa kusi unavuma.

Ndipo uchimbe shimo la sentimeta 60 kila upande, ulijaze udongo na samadi iliyooza, na upande kipande cha tawi lililokomaa chenye macho matatu au manne. Chipukizi zikitoka, acha moja tu, lenye nguvu, uliongoze juu kwa kijiti. Lifunge kwa kamba laini isiyobana, kwani shina litanenepa na kamba iliyokazwa italikata. Likifika kwenye waya, kata ncha yake, nalo litatoa matawi ya kutambaa kulia na kushoto.

Ndugu msomaji, lugha yetu yenyewe imekwisha kutusaidia, kwani twasema "nguzo tano za Kiislamu". Hizo ndizo nguzo za chanja hii. Lakini nguzo zisizounganishwa kwa waya hazimfikishi mzabibu popote, kwa kuwa tawi haliruki kutoka nguzo hadi nguzo. Waya ni umoja: sala ya jamaa, darasa la Kurani, na utii kwa Khilafat, ambayo Mwenyezi Mungu ameiendeleza katika Jumuiya yetu tangu 1908. Na wanaomfundisha ndugu mpya wakumbuke ile kamba laini. Wamfunge, wala wasimkabe.

3. Mkasi

Katika nchi za baridi mzabibu hulala wakati wa baridi, majani yote yakapukutika. Huku kwetu haulali. Ukiachwa, hutoa majani mengi na matunda machache. Basi mkasi huwa ndio baridi yake. Matunda hutoka katika chipukizi mpya za matawi yaliyokomaa. Kwa hiyo pogoa kila tawi la pembeni ubakize macho mawili. Dar es Salaam yafaa kupogoa mwezi wa Juni, masika yakiisha, ili zabibu ziive baada ya miezi mitatu hadi minne, kabla mvua za vuli hazijakolea na kuleta ukungu. Dodoma, penye ukame zaidi, wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka kwa kupogoa hivyo hivyo.

Asiyejua akiona matawi yamelala chini atasema mti umeharibiwa. Vivyo hivyo hutazamwa anayefunga Ramadhani, au aliyeacha faida ya haramu. Kinachokatwa ni kile kilichokuwa kikinyonya utomvu bila kuzaa.

4. Siku ya kuvuna

Katika Sura An-Nahl, aya ya 68, Kurani Tukufu yaonyesha kwamba katika tende na zabibu watu hupata kilevi, na pia riziki njema. Tunda ni lile lile, na mwanadamu ndiye achaguaye. Sehemu kubwa ya zabibu za Dodoma huenda katika viwanda vya mvinyo. Wewe zile mbichi, zikaushe, au unywe maji yake yangali matamu.

Kisha toa haki yake. Tawi likivuka ukuta, jirani naye aonje, awe Mwislamu, Mkristo au Mhindu. Mtume s.a.w. alifundisha kwamba apandaye mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, ameandikiwa sadaka. Na katika pato lako jizoeze kutoa chanda, ijapokuwa kidogo, tangu mwaka wa kwanza.

5. Swali la mchunguzi

Huenda mchunguzi akauliza: "Dini ni ya moyo. Kwa nini nijifunge na Jumuiya?" Twajibu: ni kweli chanja haizai hata zabibu moja. Utomvu hutoka katika mzizi, na mzizi ni uhusiano wako na Mungu, ambao hakuna mtu awezaye kukupa. Lakini mzizi mzuri bila chanja huzaa matunda yaliwayo na wadudu mchangani. Na atakayedai kwamba yeye ni mwembe, ajipime kwanza siku ya upepo.

Mwenyezi Mungu aijaalie mioyo yetu ishike kilicho imara, na atujaalie kuvuna na kugawa. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini chanja husimamishwa kabla ya kupanda?
2. Aya ya 142 ya Sura Al-An'am inaamuru mambo gani matatu?
3. Wiki hii moyo wako umeshika nini?