Baridi ya Juni hadi Agosti: Fanya Kazi Nje Bila Kuhatarisha Maisha

Msimu wa baridi huanza Juni na kuendelea hadi Agosti. Mawingu huzuia jua kwa siku kadhaa, manyunyu hayaishi, na sehemu za juu kama Kinangop upepo wa Nyandarua hukata hadi mifupani. Hata hivyo kazi haisimami: ng'ombe hukamuliwa alfajiri, viazi huchimbwa, abiria husubiri bodaboda na mabawabu hukesha langoni. Somo hili ni la wote wanaofanya kazi nje.

Mwili hupotezaje joto?

Joto la kawaida la mwili ni takriban nyuzi 37 za Selsiasi. Likishuka chini ya 35, ubongo na moyo huanza kulemewa. Si lazima kuwe na barafu ili hali hiyo itokee. Nguo zilizolowa na upepo hutosha, hasa kwa mtu mwenye njaa, aliyechoka au mwenye umri mkubwa. Mwendesha bodaboda yumo hatarini zaidi kwa sababu mwendo wake humwongezea upepo.

Jikinge hivi

• Vaa nguo nyepesi kadhaa badala ya moja nzito. Ya ndani iwe kavu, ya kati iwe sweta, na ya juu izuie mvua na upepo. Ukianza kutoka jasho, punguza moja, kwani jasho pia hulowesha.
• Funika kichwa, masikio na mikono. Vaa soksi kavu ndani ya gambuti na ubebe nyingine za kubadilisha.
• Kula kabla ya kutoka. Uji, viazi au githeri huupa mwili nguvu ya kutengeneza joto. Beba chai kwenye thamosi.
• Epuka pombe. Hupanua mishipa ya damu karibu na ngozi, hivyo unahisi joto huku mwili ukilipoteza.
• Kazi ya kulowana, kama kuosha karoti, ifanywe jua likishapanda, na kwa zamu.

Dalili za hatari

Mtu huanza kwa kutetemeka, kisha vidole vinakuwa vizito na maneno yanakuwa ya kuburura kama ya mlevi. Akiacha kutetemeka huku akizidi kuchanganyikiwa au kusinzia, usidhani amepata nafuu. Hali imekuwa mbaya zaidi.

Mwondoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa blanketi kavu pamoja na kichwa. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue mikono wala miguu. Mfikishe hospitalini haraka.

Jiko la makaa si blanketi

Hatari kubwa ya msimu huu humkuta mtu akishatoka kwenye baridi. Bawabu huingiza jiko katika kibanda chake na kufunga mlango; familia hulala na jiko chumbani. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliye macho huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala huenda asiamke.

Makaa yasiyotoa moshi bado hutoa gesi hiyo, hata yakifunikwa na jivu. Ota moto nje, na jiko libaki nje unapoingia kulala. Ukihisi dalili hizo, toka mara moja upate hewa safi, watoe wenzako ikiwa unaweza kufanya hivyo kwa usalama, kisha mwende hospitalini hata kama mmepata nafuu.

Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wanaolowana kazini mavazi yanayofaa ya kujikinga, yakiwemo glavu na viatu panapohitajika. Kwa mwenye shamba, koti la mvua na gambuti za kibarua ni sehemu ya gharama ya kazi, sawa na mbegu na mbolea.

Dharura ikitokea, piga 999 au 112, au nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199. Wahudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako pia wanaweza kukushauri. Wasomee somo hili jirani na bawabu wako leo jioni, kabla jiko halijawashwa.