Hesabu matundu kabla ya kuhesabu fedha

MWAKA jana nilikabidhiwa amana. Wazazi wa vijana ninaowafundisha hesabu za biashara nyakati za jioni walichangishana, huyu elfu kumi, yule elfu ishirini, mpaka zikapatikana shilingi 900,000 za kununua kompyuta mpakato ya darasa. Nikatumwa Kariakoo.

Katika duka moja Mtaa wa Aggrey nikataja aina niliyoitaka. Kijana wa duka akanijibu: “Mzee, toleo lile limekwisha. Chukua hili jipya, jembamba, halichoshi mkono.” Bei ilikuwa imepanda. Nikaongeza 80,000 mfukoni mwangu, nikaondoka nikiwa nimefurahi.

Furaha iliishia darasani. Projekta yetu ni ya waya wa VGA, na masomo yangu yote yamo kwenye flashi ya USB ya kawaida. Niliizungusha kompyuta ile pande zote, nikaona matundu mawili madogo ya USB-C na moja la spika za masikioni. Basi! Siku hiyo nilifundisha kwa chaki, na wazazi wawili waliokuja kuona matunda ya mchango wao wakaondoka kimya.

Kesho yake nilirudi dukani. “Mwanangu, mbona hukuniambia?” Akasema: “Mzee, hukuniuliza. Adapta zipo, 75,000.”

Ndugu msomaji, jambo hili halikuanzia Kariakoo. Oktoba 2016 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa MacBook Pro mpya isiyo na tundu la USB ya kawaida, HDMI wala kadi ya kamera. Ya inchi 13, ambayo iliyotangulia ilianzia dola 1,499 pungufu ya dola 200, yaani 1,299, sasa ikaanzia 1,499. Wateja walilalamika sana, na mwezi uliofuata kampuni ikapunguza bei ya adapta ya USB kutoka dola 19 hadi 9. Oktoba 2021 matundu ya HDMI na kadi yalirudishwa katika MacBook Pro mpya. Kumbe yaliyoitwa ya kizamani yalikuwa bado yana kazi!

Tuwe waadilifu. USB-C ina faida: tundu moja laweza kupitisha umeme, picha na mafaili, na kompyuta ikawa nyembamba. Lakini gharama ya mabadiliko imehamishiwa kwa mnunuzi. Kiwandani tundu limeondolewa. Dukani unauziwa tena, safari hii likiwa kwenye waya.

Je, nilidhulumiwa? Katika fiqhi ya biashara ipo khiyari ya aibu: aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa ana haki ya kukirudisha. Lakini tundu lisilokuwapo halikufichwa. Ningeangalia, ningeona.

Sheria ya nchi nayo ina somo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya na akautegemea ujuzi wake. Bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Lakini ukinunua kitu kwa kutaja jina lake la kibiashara, kinga hiyo yaweza kukuponyoka. Mimi nilitaja jina, sikutaja kazi. Laiti ningesema, “Nataka kompyuta ya kufundishia, iunganishwe na projekta ya VGA na isome flashi hii,” kijana angelazimika kunijibu ndiyo au hapana, na jibu lake lingekuwa na uzito.

Basi tujifunze haya. Kwanza, eleza kazi kabla ya kutaja chapa. Pili, jumlisha bei ya kompyuta na ya kila adapta utakayohitaji. Hiyo ndiyo bei yake halisi. Tatu, usidhani kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine hupitisha mafaili na umeme tu, na hapo adapta ya kawaida ya projekta haitakusaidia. Lijaribu palepale dukani. Nne, dai risiti ya EFD yenye maelezo ya bidhaa, maana bila risiti utathibitishaje ulichouziwa na nani?

Adapta nililipia mwenyewe, kwa kuwa uzembe ulikuwa wangu na fedha zilikuwa za watu. Kisha nikawasomea wachangiaji hesabu yote, shilingi kwa shilingi. Mama mmoja anayeuza vitenge akaniuliza: “Mwalimu, mbona hukwenda na waya wetu dukani?”

Sikuwa na jibu. Yeye hanunui kitambaa cha kulinganisha bila kubeba kipande mkononi. Mimi mwenye kufundisha biashara nilibeba fedha tu. Msomaji, ukienda Kariakoo kununua kompyuta, beba flashi yako na waya wako. Fedha itoke mwisho.