Manyoya ya Punda Mzee Yakififia, Anza na Meno

Manyoya ya punda mzee yanapofifia na kukakamaa, wafugaji wengi hukimbilia dawa ya kupe. Huenda shida iko mdomoni: meno yamechakaa, hatafuni vizuri, mwili unakosa lishe. Mwite daktari wa mifugo akague meno na kupima minyoo. Mlishe nyasi laini zilizokatwakatwa. Msugue kwa brashi ukitafuta chawa na vidonda vya matandiko. Mwenye kidonda asifungwe mkokoteni hadi apone. Mvua ikinyesha, awe bandani.

Usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe iliyoandikwa "Amitraz" kwenye chupa. Huweza kuziba utumbo wake, akafa. Ukiwa na shaka, fika ofisi ya mifugo ya wadi yako.