Somo la Robo Hii: Wamechoka na Vyama Viwili, Lakini Wanavirudia



Kila baada ya miaka minne redio na magazeti yetu hujaa habari za uchaguzi wa rais wa Marekani, na vyama vinavyotajwa ni viwili tu, Democratic na Republican. Tangu Millard Fillmore wa chama cha Whig alipoondoka Ikulu mwaka 1853, hakuna rais aliyetoka nje ya vyama hivyo. Anayetazama kwa mbali anaweza kudhani kwamba wananchi wa nchi ile wanavipenda sana.

Sivyo. Mwezi Oktoba 2023 shirika la kupima maoni la Gallup lilitangaza kwamba asilimia 63 ya watu wazima waliohojiwa walisema vyama hivyo vinawawakilisha vibaya, kiasi kwamba chama kikubwa cha tatu kinahitajika. Mwezi uliotangulia, kituo cha utafiti cha Pew kilitoa matokeo yake: asilimia 65 walisema kwamba wakifikiria siasa huhisi uchovu daima au mara nyingi. Waliohisi matumaini walikuwa asilimia 10 tu. Hata hivyo, ilipofika Novemba 2024, katika kila kura 100 za urais takriban 98 zilikwenda kwa Donald Trump wa Republican au Kamala Harris wa Democratic.

Swali la somo letu ni hilo: kwa nini watu waliochoka namna hii wanarudi pale pale? Miongoni mwa wafadhili wanaosoma kijarida hiki wamo wanaopiga kura katika uchaguzi huo. Na miongoni mwa wanakamati wamo wengi waliochaguliwa kwa kanuni ile ile inayolalamikiwa, ingawa huenda hawajawahi kuitazama kwa karibu.

Zoezi la waumini mia moja

Kabla ya kwenda Marekani, kikundi kichukue karatasi na kalamu. Tuseme parokia ina wapiga kura 100 na inachagua mwenyekiti. Mgombea wa kwanza anataka fedha zilizopo zijenge ukumbi. Wa pili anataka kisima kirefu karibu na shule. Wa tatu naye anataka kisima, ila kichimbwe karibu na zahanati. Kura zinahesabiwa: ukumbi 40, kisima cha shule 35, kisima cha zahanati 25. Kwa kanuni ya mwenye kura nyingi ndiye mshindi, ukumbi unajengwa, ingawa watu 60 kati ya 100 walitaka maji.

Sasa jiulizeni wale 25 watafanya nini uchaguzi ujao. Wengi wao watasema, "Tukimpigia wetu, ukumbi utashinda tena, heri twende na kisima cha shule." Mgombea wao ataambulia kura chache mno, na watu wataondoka wakisema hana wafuasi. Wafuasi anao. Hawathubutu kumpigia, basi. Tena msishangae mkisikia mtu wa ukumbi ndiye anayewahimiza kwa sauti kubwa wale 25 wasimame na mgombea wao. Mwaka 2004, katika jimbo la Michigan, ni watu wa Republican waliokusanya maelfu ya saini ili mgombea binafsi Ralph Nader awemo kwenye karatasi ya kura, wakijua atapunguza kura za Democratic.

Mwaka 1951 msomi wa Ufaransa, Maurice Duverger, aliandika kwamba kanuni hii ikitumika katika sehemu zinazotoa mshindi mmoja mmoja, husukuma siasa kuelekea vyama viwili. Msomaji atauliza: mbona majimbo ya ubunge ya Tanzania na Kenya hutumia kanuni hiyo hiyo, na vyama ni vingi? Swali ni zuri, na jibu lake limo pia katika historia ya Marekani yenyewe.

Mwaka 1968 George Wallace, aliyetetea ubaguzi wa rangi kusini mwa Marekani, aligombea urais nje ya vyama viwili akapata takriban asilimia 13.5 ya kura. Mwaka 1992 tajiri wa Texas, Ross Perot, alipata karibu asilimia 19, yaani kura zaidi ya milioni 19. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe 538 wanaotoka katika majimbo, na anayefikisha 270 ndiye rais. Wallace alipata wajumbe 46. Perot hakupata hata mmoja.

Sababu ni kwamba kura za Wallace zilirundikana katika majimbo ya kusini, akawa wa kwanza katika majimbo matano. Perot alipendwa kidogo kidogo kila mahali. Majimbo yote isipokuwa Maine na Nebraska humpa wajumbe wake wote yule aliyeongoza jimboni, hata kama amepata kura 40 kati ya 100. Kwa hiyo chama kidogo chenye ngome katika eneo fulani kinaweza kuishi chini ya kanuni hii, kama tunavyoona kwetu. Chama chenye wafuasi waliotawanyika kinakufa njaa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye dhuluma hasa: hasira ya Mwamerika wa kawaida juu ya deni la taifa, vita au gharama za hospitali haina eneo moja. Imetapakaa nchi nzima, na kanuni hii haina namna ya kuipokea.

Florida, mwaka 2000

Wamarekani wengi wanaoogopa kupigia chama cha tatu hawahitaji kusoma Duverger. Wanakumbuka Florida. Mwaka 2000 George W. Bush alitangazwa mshindi wa jimbo hilo kwa tofauti ya kura 537, na jimbo hilo ndilo lililompa urais. Ralph Nader, aliyesimama kwa tiketi ya Chama cha Kijani, alikuwa na kura zaidi ya 97,000 za Florida. Al Gore wa Democratic alimzidi Bush kwa kura zaidi ya 500,000 katika nchi nzima, lakini hiyo haikumsaidia.

Nader alilaumiwa miaka mingi. Sioni haki katika lawama hiyo, maana kura zile zilikuwa mali ya waliozipiga, wala hakuna chama kilichokuwa na hati ya kuzimiliki. Lakini lawama ilifanya kazi yake. Tangu hapo kila anayejitokeza nje ya vyama viwili hukutana na swali moja kabla hajaulizwa sera zake: je, wewe si utatuharibia? Mwaka 2024 kikundi cha No Labels, kilichokuwa kikijiandaa kuweka mgombea wa urais, kiliacha mpango huo mwezi Aprili. Robert F. Kennedy Mdogo naye alisimamisha kampeni yake mwezi Agosti na kumuunga mkono Trump.

Kuna na kufuli nyingine. Kila jimbo lina masharti yake ya saini ili jina la mgombea liingie kwenye karatasi ya kura, na chama kipya lazima kipambane mara hamsini. Kuanzia mwaka 2000 Tume ya Midahalo ya Urais, ambayo ilianzishwa mwaka 1987 na viongozi wa vyama vile vile viwili, ilidai mgombea awe na angalau asilimia 15 katika kura za maoni ndipo apewe nafasi jukwaani. Sheria ya mwaka 1967 inalazimisha kila mbunge wa Baraza la Wawakilishi achaguliwe peke yake katika wilaya yake ya uchaguzi. Na mipaka ya wilaya hizo, katika majimbo mengi, huchorwa na wabunge wa jimbo ambao wenyewe ni watu wa chama.

Matokeo yake ni kwamba wilaya nyingi zina mshindi anayejulikana kabla ya siku ya kura. Ushindani wa kweli unabaki ndani ya chama, kwenye kura za mchujo, ambako wanaojitokeza ni wachache na mara nyingi ni wale wenye msimamo mkali zaidi.

Ila tusidhani kwamba uchovu huu unawaweka watu nyumbani. Uchaguzi wa mwaka 2020 ulivuta takriban theluthi mbili ya wenye haki ya kupiga kura, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa tangu mwaka 1900. Wengi hujitokeza wakiwa na hofu ya chama cha pili kuliko upendo kwa chama chao. Hofu hiyo inavifaa vyama vyote viwili, kwa kuwa asiyekupenda lakini anamwogopa mwenzako ana kura sawasawa na anayekupenda.

Waliojaribu kubadilisha kanuni

Imewahi kutokea chama kipya kikaingia. Republican chenyewe kilizaliwa mwaka 1854, Whig waliposambaratika kwa sababu ya mgogoro wa utumwa, na miaka sita baadaye Abraham Lincoln akashinda urais kwa takriban asilimia 40 ya kura dhidi ya wapinzani watatu. Lakini kilichukua kiti cha aliyeanguka. Vyama vikuu vilibaki viwili.

Nchi ya New Zealand ilipita njia nyingine: mwaka 1993 wananchi waliochoshwa na vyama vyao viwili waliitupa kanuni yenyewe kwa kura ya maoni, na tangu uchaguzi wa 1996 viti hugawanywa kwa uwiano wa kura. Marekani hakujatokea jambo kubwa kama hilo, lakini majimbo mawili yanastahili kutazamwa.

La kwanza ni Maine, kaskazini mashariki. Mwaka 2010 gavana Paul LePage alichaguliwa kwa chini ya asilimia 38 ya kura, kwa kuwa wapinzani wake waligawana zilizobaki. Novemba 2016 wananchi wakapitisha kwa kura ya maoni utaratibu wa kupanga wagombea kwa namba. Mpiga kura anaandika wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinakwenda kwa waliowekwa namba mbili. Rudini kwenye karatasi yenu: kama wale 25 wa zahanati wote waliweka kisima cha shule namba mbili, maji yanashinda kwa kura 60, na hakuna aliyelazimika kumkana mgombea wake.

Bunge la Maine lilijaribu kuuchelewesha utaratibu huo, wananchi wakaurudisha kwa kura nyingine Juni 2018. Novemba mwaka huo mbunge Bruce Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza kwa zaidi kidogo ya kura 2,000, kisha akashindwa na Jared Golden wa Democratic kura za wagombea binafsi wawili zilipohamishwa. Alikwenda mahakamani na hakufanikiwa. Kichekesho ni kwamba uchaguzi mkuu wa gavana, ambao ndio uliowaudhi watu, hautumii utaratibu huo: Mahakama Kuu ya jimbo ilitoa maoni mwaka 2017 kwamba katiba ya Maine yenyewe inasema gavana ni mwenye kura nyingi. Mji wa Portland, ambako wanaishi pia watu waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi na wanaozungumza Kiswahili, umekuwa ukimchagua meya kwa namba tangu 2011.

La pili ni Alaska, iliyoupitisha mwaka 2020 kwa tofauti ndogo sana. Agosti 2022 Mary Peltola wa Democratic aliwashinda Warepublican wawili, Sarah Palin na Nick Begich. Begich aliondolewa kwanza, na ni nusu tu ya wapiga kura wake waliomweka Palin namba mbili. Wengine walimpa Peltola, wengine hawakuweka yeyote. Waliochambua karatasi zile wakaonyesha kwamba Begich angemshinda kila mmoja wao kama wangepambana wawili wawili. Kumbe kanuni mpya nayo ina watu wake inaowapoteza njiani. Novemba 2024 Begich alimwondoa Peltola kwa kanuni hiyo hiyo, na siku ile ile pendekezo la kuifuta lilianguka kwa tofauti ya chini ya kura 1,000.

Mwaka huo huo Nevada, Colorado, Idaho na Oregon zilikataa mapendekezo ya aina hii, na Missouri ikaupiga marufuku. Viongozi wa vyama walipinga katika sehemu nyingi, ndiyo, lakini waliokataa ni wananchi, wakiwemo bila shaka wengi wanaosema wamechoka. Baadhi waliona karatasi ya namba ni ngumu. Wengine hawakuwaamini waliogharimia kampeni hizo, kwa kuwa fedha nyingi zilitoka nje ya majimbo yao.

Kwa majadiliano ya kikundi: kamati yenu ilichaguliwa kwa kanuni gani, na nani aliiandika? Katika uchaguzi wenu wa mwisho kulikuwa na wagombea zaidi ya wawili? Kama walikuwapo, tafuteni daftari la kura, mjumlishe kura za walioshindwa, na mzilinganishe na za mshindi.