Elimu ya Afya: Goita na Chumvi Yenye Madini Joto

Kwa karne nyingi mabonde ya milima ya Alps yalijulikana kwa wingi wa watu wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo ambao wengi wetu huuita goita. Wapo waliolaumu maji ya theluji. Wengine walisema ni kasoro ya ukoo.

Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois, alipokuwa akitumia majivu ya mwani kutengeneza malighafi ya baruti, aliona mvuke wa zambarau ukipaa. Hiyo ndiyo iodini, ambayo hapa nchini huitwa madini joto. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva, akijua kuwa sifongo ya bahari iliyochomwa ilikuwa tiba ya kale ya rovu, aliwapa wagonjwa iodini, na uvimbe ukaanza kunywea. Bahati mbaya, watu wakaitumia bila kipimo, wengine wakadhurika, na dawa hiyo njema ikapoteza heshima kwa muda mrefu.

Ushahidi ulio wazi ulitoka Akron, Marekani, kuanzia mwaka 1917. David Marine na mwenzake Kimball waliwapa wanafunzi wa kike 2190 iodini kidogo: waliovimba tezi walikuwa 5 tu. Kati ya 2305 wasiopewa, walivimba 495. Uswisi ikaanza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, kwa kuwa chumvi huliwa na tajiri na maskini kila siku, tena kwa kiasi kinachokaribiana.

Nchini Tanzania nyanda za juu ziliathirika zaidi, maana mvua huosha iodini kutoka udongoni na kuipeleka baharini. Vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 sheria ikaagiza chumvi itiwe madini joto.

Uvimbe wa shingo huonekana. Madhara makubwa zaidi hayaonekani. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto tumboni haukui ipasavyo, na upungufu huo haurekebishiki baadaye. Kwa hiyo chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo gulioni, isiyo na nembo ya madini joto, ni rahisi kwa bei tu. Iliyo na madini joto ihifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Mwenye uvimbe shingoni asijitibu kwa iodini. Afike zahanati akapimwe.